Miezi Mitatu ya Thierry

Jumatatu, 3 Novemba
Violeth amenipa hili daftari. Anataka kila siku niandike Thierry amefanya nini mwenyewe na nini amesaidiwa. Nilimwambia nimesoma mpaka la tano tu, kule Uvira. Akasema la tano linatosha. Basi kurasa za mbele ni zake, atazisoma. Hizi za nyuma ni zangu, mimi Marthe. Nimegeuza daftari kichwa chini, naandika.

Thierry ni mdogo wa marehemu mume wangu, Gaston. Ana miaka thelathini na sita. Nguvu anazo. Akili yake inakwenda polepole, tangu azaliwe. Gaston alipokufa nilibaki naye. Hakuna mwingine wa kubaki naye.

Leo ameanza kazi pale ninapofanya mimi, kiwanda cha kufua mashuka ya hoteli, Malvern, nyuma ya Jules Street. Wamekubali kumjaribu miezi mitatu. Violeth ni wa shirika linaloingiza watu kama Thierry kazini na kuwafundisha. Atakuja Jumanne na Alhamisi. Mwisho wa Januari bosi anaamua. Thierry akiweza kazi bila mtu kusimama kando yake, anaajiriwa. Asipoweza, anarudi nyumbani.

Nyumbani maana yake kufuli. Hilo Violeth hajui.

Jumanne, 4 Novemba
Niandike habari ya kufuli nimalize.

Mwaka jana Thierry alitoka peke yake. Vijana wasiotaka wageni nchini walimkuta karibu na uwanja wa mpira wakamuuliza kitambulisho. Hakujua kujibu. Walimpiga. Nilimpata kesho yake, amekaa kwenye ngazi za duka na kiatu kimoja. Tangu hapo nikienda kazini namfungia chumbani kwa nje. Namwachia chai, mkate na ndoo.

Mwezi uliopita ghorofa iliyo nyuma ya yetu, hapa Bertrams tunakokaa, iliwaka. Ndani wamegawa vyumba kwa mbao, moto ulipita upesi. Jirani alinipigia simu. Nilikimbia kutoka Malvern. Korido yetu ilijaa moshi. Ufunguo haukutaka kuingia. Nilipofungua, Thierry amekaa kitandani, amevaa viatu, koti na kofia. Macho mekundu. Ananingoja. Hakupiga kelele hata mara moja, kwa sababu nilimwambia asipige kelele.

Watu walikufa nyumba ile. Yetu haikuwaka. Ni upepo tu.

Alhamisi, 6 Novemba
Kazi ya Thierry ni kuchambua. Mashuka yanakuja machafu kwenye mifuko. Anavaa glavu. Anafungua mfuko. Anakung'uta kila shuka, maana wageni wa hoteli wanaacha vitu ndani: uma, simu, nyembe, vioo. Taulo kwenye toroli la buluu, mashuka la njano, foronya jekundu. Toroli likijaa analiweka kwenye mizani, mshale ukifika kwenye utepe mwekundu analisukuma kwenye mashine.

Violeth amempiga picha mikono yake akifanya kila hatua. Picha sita, amezibandika ukutani. Amesema Thierry aangalie picha, asiniangalie mimi.

Mimi pia amenipa sheria. Thierry akikwama, niweke mikono mfukoni, nihesabu mpaka kumi. Hakuna kusema, hakuna kugusa.

Violeth mama yake Mtanzania, baba yake mtu wa hapa aliyekimbilia kule zamani za vita vya kupinga ubaguzi wa rangi. Kiswahili chake cha redio. Hana mtoto. Hajui kumi ni ndefu namna gani.

Jumamosi, 8 Novemba
Mvua. Alisahau glavu mara mbili. Nilimvalisha. Mbele nimeandika: mwenyewe.

Jumatatu, 10 Novemba
Aliweka taulo kwenye toroli la njano. Nikahamisha bosi akiwa ofisini. Mbele: mwenyewe.

Jumatano, 12 Novemba
Bosi wetu anaitwa Mokgosi. Haongei. Anapita na kalamu sikioni, anaangalia, anaondoka. Leo alisimama nyuma ya Thierry muda mrefu. Mimi niko kwenye meza ya kukunja, hatua tatu kutoka kwa Thierry. Mtu akisimama hivyo anatafuta sababu ya kufukuza.

Ninaogopa pia rola. Ndiyo pasi kubwa ya mashuka, inazunguka na moto wake. Mwaka juzi ilimvuta mama mmoja vidole. Thierry anapenda kuiangalia. Nimemwambia akiikaribia nitamrudisha Uvira kwa miguu.

Jumanne, 18 Novemba
Anaweza. Sikuamini. Hatua zote sita, kutoka asubuhi mpaka saa nane. Violeth alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa na karatasi yake, akawa anatabasamu.

Amisa wa rola, mama wa Fizi mwenye mdomo, akasema, "Mama Marthe, huyu mume wako mdogo atatufukuzisha kazi sote."
Nikamwambia, "Shemeji si mume."
"Kwetu kaka akifa, mdogo njo mume. Iko sheria."
Thierry akasema bila kugeuka, "Mimi siwezi kumuoa. Shemeji anakoroma."
Amisa alicheka mpaka shuka likapinda kwenye rola. Hata Mokgosi aliuliza wanacheka nini.

Jumanne, 25 Novemba
Mvua ya mawe. Bati lilipiga kelele kama linachanika. Thierry aliingia chini ya meza, mikono masikioni. Nilikwenda. Violeth akasema, "Mama, mikono mfukoni." Nilimwangalia vibaya. Nikaweka mfukoni. Thierry alikaa chini ya meza mpaka mawe yakakatika, akatoka mwenyewe, akavaa glavu.

Violeth aliandika. Mimi nilikuwa nimelowa jasho.

Jumatano, 3 Desemba
Jino linauma, la nyuma chini.

Jumamosi, 6 Desemba
Nilikwenda kliniki. Mlangoni wamesimama vijana, wanauliza kitambulisho cha nchi. Mama mmoja wa Burundi mwenye mtoto mgongoni walimrudisha. Niligeuka kabla hawajaniona. Nilipita upande wa pili wa barabara kama mtu aendaye sokoni.

Jumanne, 9 Desemba
Shavu kama mkate. Mzee Évariste wa Yeoville aling'oa jino. Alikuwa nesi Lubumbashi, sasa anafanya kazi nyuma ya saluni. Alinijaza pamba mdomoni. Amesema nisifungue mdomo siku mbili. Tumemaliza jioni, kesho niko kazini.

Jumatano, 10 Desemba
Leo ni siku mbaya.

Tulifika saa kumi na mbili. Thierry akavaa glavu. Akasimama. Nilidhani anawaza. Nikaweka mikono mfukoni kama Violeth alivyosema. Kumi. Ishirini. Amesimama anaangalia mfuko, ananiangalia mimi. Nikamwonyesha picha kwa kidole. Akaiangalia. Akasimama.

Nikafungua mfuko mwenyewe. Akakung'uta shuka moja, akasimama nalo mkononi.

Mifuko ilipanda mpaka dirishani. Rola ikakosa mashuka, Amisa akakaa. Gari la hoteli likaja, dereva akawa anapiga honi. Nilitaka kusema, damu na pamba mdomoni, nikawa natoa sauti kama ng'ombe. Thierry akaanza kulia. Anasema, "Shemeji, nimekosa nini? Shemeji, nimekosa nini?"

Mokgosi alikuja. Aliangalia picha, akaangalia Thierry, akaniangalia mimi. Alivua koti lake akaanza kuchambua yeye mwenyewe.

Nilidhani Thierry ameumwa kichwa. Nilidhani amerogwa hata.

Alhamisi, 11 Desemba
Violeth alikaa kwenye ndoo saa nzima. Bado shavu limevimba, bado nimenyamaza. Thierry anasimama kila hatua. Halafu Violeth akaniita nje kwenye tangi la maji.

Akasema, "Mama Marthe, wiki ya mwisho ya Novemba nilihesabu kitu, sikukuambia. Nilitaka kuwa na hakika. Ndani ya saa moja ulisema 'ee' mara arobaini na moja."

Nikatikisa kichwa. Sijasema.

"Unasema. Akimaliza glavu, unasema ee. Akifungua mfuko, ee. Shuka, ee. Husikii mwenyewe. Yeye haangalii picha. Anangoja wewe."

Nilikaa kwenye tangi. Nikakumbuka. Nyumbani kwa akina Gaston mdogo haanzi kitu mpaka mkubwa aseme. Kula, kuoga, kutoka, kulala. Gaston alimfundisha Thierry hivyo kwa fimbo, na alipokufa mimi nikaendelea bila fimbo. Sahani ikiwa mezani, anangoja. Nasema ee, anakula. Miaka sita nasema ee. Ni kama kupumua.

Violeth akafungua daftari upande wa mbele. "Na hapa umeandika mwenyewe, mwenyewe, mwenyewe. Glavu mwenyewe?"

Niliandika kwa kalamu kwenye kiganja: HAPANA.

"Taulo?"

Nilionyesha kiganja kilekile.

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alisema, "Ulikuwa unamkinga." Mimi najua nilikuwa nafanya nini. Nilikuwa naharibu.

Ijumaa, 12 Desemba
Mokgosi ameamua. Mpaka mwaka mpya Thierry aje Jumanne na Alhamisi tu, Violeth akiwepo. Siku nyingine abaki nyumbani. Amisa alinitafsiria Kizulu chake. Aliongeza la kwake, "Usilie hapa, anaangalia."

Jumamosi, 13 Desemba
Nimefunga kufuli.

Jumatatu, 15 Desemba
Nimefunga. Nilifika robo ya njia nikarudi kunusa korido. Nilichelewa kazini.

Jumatano, 17 Desemba
Nimefunga. Jirani wa chini amenunua jiko la mafuta ya taa.

Ijumaa, 19 Desemba
Nimefunga. Jirani wa chini anapika maandazi ya Krismasi, mafuta yanachemka siku nzima. Nilimwomba aangalie moto. Akasema, "Mama, wewe una nini chumbani mwako mpaka unaogopa hivyo?" Nikasema nguo.

Jumamosi, 20 Desemba
Nimefunga.

Jumatatu, 22 Desemba
Nilifunga. Saa sita mawingu yakawa meusi, radi ikapiga upande wa mjini, umeme ukakatika kiwandani. Amisa akapiga simu Bertrams kwa dada yake. Kule pia hakuna umeme, watu wamewasha mishumaa mchana. Nikaona mishumaa kwenye mbao. Nikaona jiko la jirani.

Sikuaga. Nilitoka na aproni. Mvua ilinipiga Jules Street yote, maji mpaka kwenye vifundo, magari yanamwagia watu maji. Nilianguka mara moja. Njia nzima nilikuwa natafuta moshi juu ya nyumba, na mvua ile kila kitu kilikuwa kama moshi.

Hakukuwa na moto.

Thierry amekaa kitandani. Viatu, koti, kofia. Joto lile la Desemba, na koti. Jasho linatiririka. Nikamuuliza, "Umevaa tangu saa ngapi?"
"Tangu umeondoka."
"Kila siku unavaa hivi?"
"Kila siku. Nikivaa, niko tayari." Halafu akaniuliza, "Shemeji, moto ukija kabla yako, nikae au nisimame?"

Mtu mzima wa miaka thelathini na sita, ananiuliza mimi ruhusa ya namna ya kufa.

Nilimvua koti. Mgongo wake ulikuwa na vipele vya joto mpaka kiunoni, na mimi sikujua.

Jumanne, 23 Desemba
Nilimwambia Violeth. Kila kitu. Kufuli, ndoo, moshi, koti. Tulikuwa kwenye tangi la maji tena. Nilimwambia, "Sasa nenda kaniripoti."

Aliweka mikono mfukoni. Nikajua anahesabu kumi, maana nami sasa nazijua hizo kumi zikoje.

Akasema, "Kufuli liondoke leo."
"Na wale vijana?"
"Wapo."
"Basi?"
"Sina jibu la vijana, mama. Hata mimi nikiongea Kiswahili ndani ya teksi wananigeukia, na mimi nimezaliwa na mtu wa hapa. Lakini kwa moto jibu ninalo. Mlango ufunguke kwa ndani."

Nilikuwa namwona mtoto wa juzi na karatasi zake. Alikuja Bertrams na sisi baada ya kazi. Alinunua komeo la ndani kwenye duka la Msomali, akaomba bisibisi kwa jirani wa maandazi, akalifunga mwenyewe, limepinda kidogo. Akampiga Thierry picha nne: anafunga komeo, anafungua komeo, anashuka ngazi, anasimama nje kwenye nguzo ya taa. Tulishuka ngazi zile mara kumi na mbili. Mara ya kumi na mbili mimi nilibaki chumbani nimefunga mdomo, na wao walikuwa chini.

Kufuli nimempa Amisa. Anafungia geti lake.

Alhamisi, 25 Desemba
Krismasi. Kuku. Niliweka sahani nikanyamaza. Alingoja. Nami nikangoja. Kuku alipoa. Alikula mwishoni, ananiangalia kama mwizi.

Jumatatu, 29 Desemba
Nilikwenda kazini, mlango haukufungwa kwa nje. Sikumbuki nilikunja nini siku nzima. Nilirudi, amefunga komeo, hataki kufungua mpaka niseme jina. Vizuri.

Jumatatu, 5 Januari
Mokgosi ametoa wiki nne za mwisho. Thierry anarudi kila siku. Mimi nimeondolewa meza ya kukunja, nimepelekwa upande wa pili wa rola, pamoja na Amisa. Namwona Thierry nusu, kati ya mashuka yanayopita.

Violeth ameleta kibanio cha nguo. Amekibana juu ya picha ya kwanza. Thierry akimaliza hatua, anahamisha kibanio kwenye picha inayofuata. Picha yenye kibanio ndiyo ya sasa. Basi.

Saa ya kwanza alifanya hatua mbili.

Nimeweka njiti ya kiberiti kati ya meno ili mdomo usifunguke.

Jumanne, 6 Januari
Alisimama dakika arobaini. Alinitafuta kwa macho kati ya mashuka. Niliangalia chini. Nilihisi nimemtupa barabarani.

Amisa akaninong'oneza, "Sema tu ee moja, nani atasikia?"
"Yeye atasikia."
"Una roho ngumu."
Sina. Nimetafuna njiti mpaka imekuwa uzi.

Jumatano, 7 Januari
Dakika thelathini. Mokgosi alisimama na kalamu yake.

Ijumaa, 9 Januari
Hatua nne bila kusimama, ya tano akasahau kibanio. Mvua kila siku. Ukuta wetu wa chumbani umeota ukungu.

Jumatatu, 12 Januari
Leo nilifanya kosa. Alikuwa amekwama kwenye mizani, mshale umefika, amekodoa macho. Hoteli inangoja. Nilikohoa. Akageuka mara moja. Akasukuma toroli.

Hata kikohozi anakisoma. Violeth hakuwepo lakini Mokgosi alikuwepo. Alinikodolea macho, akatikisa kidole mara moja, kama mtu anavyomkanya mtoto kanisani. Ndipo nilipoelewa kwamba huyu mtu anajua kila kitu Violeth anachofanya. Amekuwa anafuata tangu mwanzo. Bado sijui yuko upande gani.

Alhamisi, 15 Januari
Nimesikia "ee" upande wa kuchambua. Sikuwa mimi, njiti iko mdomoni. Alikuwa Thierry. Anahamisha kibanio, anajiambia ee, anaendelea.

Amisa akasema, "Sasa iko wawili wanaosema ee humu. Tumekwisha."

Jumatano, 21 Januari
Kabla ya saa nne nilimwona Thierry anakung'uta shuka, halafu amesimama. Niliona nyekundu kwenye shuka. Nikadhani ni mvinyo, wageni wanamwaga mvinyo. Ilikuwa inaongezeka.

Niliachia pembe ya shuka, rola ikalivuta lote limepinda, Amisa akapiga kelele. Nikazunguka mbio. Mokgosi alikuwa katikati ya njia. Akanyoosha mkono mbele ya kifua changu kama mti wa geti. Alisema kwa Kiingereza, polepole ili nielewe, "Ngoja. Umwangalie."

Nilimsukuma. Hakusogea. Nilitaka kumng'ata mkono ule, kweli.

Thierry aliangalia kidole chake. Kipande cha glasi kilikuwa kimepita kwenye glavu. Aliweka shuka chini, siyo ndani ya toroli, chini pembeni. Akaangalia ukuta. Hakuna picha ya damu ukutani. Akanitafuta kule nilikokuwa, kwenye rola, hakuniona, maana nilikuwa huku nyuma ya mkono wa bosi. Alibaki hapo. Kumi. Nilihesabu. Kumi na nne.

Halafu akavua glavu nzima na kioo chake ndani, akainua mkono juu ya kichwa kama alivyofundishwa na nani sijui, akatembea mpaka kwa Mokgosi. Akasema, "Bosi. Iko damu." Kwa Kiswahili. Mokgosi hajui Kiswahili lakini damu aliiona.

Mokgosi akamfunga kidole yeye mwenyewe, kwenye meza ya ofisi, kwa bandeji. Mikono yake ni mizito lakini alifunga vizuri. Thierry akarudi, akaleta ufagio, akafagia vioo. Akahamisha kibanio.

Sijui Mokgosi aliandika nini kwenye kitabu cha ajali. Mtu akiumia kazini wanaandika. Huyu ni wa kujaribiwa tu, hana mkataba. Naogopa kile kitabu kuliko nilivyoogopa damu.

Alhamisi, 22 Januari
Hakuna aliyesema kitu.

Ijumaa, 23 Januari
Hakuna aliyesema kitu. Amisa anasema kunyamaza kwa Mokgosi ndiyo kuongea kwake, na hiyo haisaidii.

Jumanne, 27 Januari
Violeth aliuliza nani alimfundisha Thierry kuinua mkono. Si yeye. Si mimi. Tulimuuliza. Akasema, "Njo vile dereva wa gari la hoteli anafanya akitaka bosi amuone." Miezi mitatu anamwangalia dereva. Sisi tunaangalia Thierry, Thierry anaangalia kila mtu.

Ijumaa, 30 Januari
Walituita ofisini. Mokgosi, Violeth, mimi, Thierry. Thierry alivaa shati la kanisani.

Mokgosi alisoma karatasi. Violeth alitafsiri. Anachambua mifuko thelathini na tano kwa siku, wastani wa wengine ni arobaini. Amekosea rangi mara tisa mwezi huu. Ameumia mara moja, akatoa taarifa, akasafisha. Hapo Mokgosi akaacha karatasi akasema kitu chake mwenyewe. Violeth akatafsiri: "Anasema wenzake wengine wakikatwa wanaficha, mashuka yanakwenda hotelini na damu."

Wamemwajiri.

Thierry akauliza, "Ni lazima nisaini?" Violeth akamwonyesha mahali. Alishika kalamu. Aliniangalia. Mimi niliangalia dirisha, kulikuwa na njiwa wawili kwenye bati. Nilisikia kalamu inakwaruza. T kubwa, halafu mstari mrefu.

Nilidhani hapo woga utaisha. Mokgosi akaendelea. Hoteli zinataka mashuka Jumapili, anahitaji watu. Mimi kuanzia sasa nafanya Jumapili, napumzika Jumatatu. Thierry Jumatatu mpaka Jumamosi.

Yaani Jumatatu Thierry anatembea peke yake. Bertrams mpaka Malvern, dakika hamsini, na kurudi.

Nilisema haiwezekani. Violeth hakutafsiri. Aliniuliza tu, "Ni yeye asiyeweza, au ni wewe?"

Jumamosi, 31 Januari
Asubuhi nilimwacha atangulie, nikabaki hatua hamsini nyuma. Karibu na kona kulikuwa na vijana wanne wamekaa kwenye kreti za bia. Mmoja akamwambia kitu. Thierry akainua mkono juu ya kichwa kama dereva wa hoteli, akapita. Wakacheka. Hawakusimama.

Leo walicheka. Siku nyingine sijui.

Jumatatu, 2 Februari
Saa kumi na moja. Alifungua komeo. Nilisimama kwenye dirisha. Aligeuka kushoto, sawa. Kisha ghorofa ikamziba.

Saa kumi na mbili na nusu. Kama asingefika, Amisa angepiga simu. Hajapiga.

Saa tatu. Nimefua mapazia.

Saa tano. Nimepiga simu kwa Amisa. Akasema, "Acha kunipigia, niko kwenye rola." Nikamuuliza kama Thierry yupo. Akakata.

Saa nane. Anatoka sasa.

Saa tisa kasoro dakika kumi. Angekuwa hapa.

Saa tisa. Mvua imeanza. Mtu anapanda ngazi. Ni jirani wa maandazi.

Saa tisa na dakika tano. Nimevaa viatu. Nikivaa viatu nikatoka, tutapishana, yeye atakuta mlango hauna mtu. Nimekaa. Nimekaa na viatu.

Saa tisa na robo. Naandika ili mkono uwe na kazi. Gaston, mdogo wako uliniachia, mimi ndiye niliyemruhusu.

Saa tisa na dakika ishirini na tano.

Jioni
Alifika amelowa mpaka soksi. Alianza kuongea kabla ya kuingia.

"Shemeji, huyu Amisa leo kaniletea taulo zake, kazikunja vibaya. Pembe haziko sawa. Nimemwambia. Akasema mimi ni wa kuchambua, nisiingilie. Nikamwambia taulo ni taulo."
"Akasema nini?"
"Akazikunja upya. Bosi alikuwa anaangalia."

Akavua kiatu kimoja. "Na roboti ya kuongoza magari imekufa pale Jules Street. Haina taa yoyote. Nilingoja sana." Akavua cha pili. "Halafu magari yakapungua, nikavuka."

Nilitaka kumuuliza magari mangapi, upande gani, aliangalia wapi kwanza. Maneno yalikuwa yamejipanga mdomoni. Lakini alikuwa amerudi kwenye taulo, ananionyesha kwa kitambaa cha meza jinsi pembe inavyotakiwa kukaa. Nilishika upande mmoja. Akaniambia ninakunja vibaya.

Kesho tunakwenda wote. Lakini Jumatatu inakuja tena, na nyingine, na mvua bado ina mwezi mzima mbele. Naogopa. Nimeshapiga pasi shati lake.